Lubumbashi machoni pa wageni: kutoka reli ya 1910 hadi karitie ya Golf

Mhandisi kutoka China, mfanyakazi wa benki kutoka Nairobi, dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, mwenye duka kutoka Beirut, fundi wa mitambo kutoka Afrika Kusini. Wote hao wanakutana Lubumbashi, na karibu wote wameletwa na kitu kimoja: shaba, pamoja na kobalti inayochimbwa nayo. Wengine wanakaa miezi sita, wengine miaka 20. Wengine wanazikwa huku.

Wanachosema juu ya mji wetu hakitofautiani sana. Wanasifu hewa, kwa kuwa mji uko karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinadai koti. Wanasifu barabara zilizonyooka za katikati ya mji na miti ya jakaranda inayotoa maua ya zambarau mvua inapokaribia. Kisha wanalalamika: vumbi la kiangazi, umeme wa SNEL unaokatika, nyumba zinazopangishwa kwa dola, bei za vitu vinavyopita Kasumbalesa kabla ya kufika dukani.

Maneno hayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Katika miji mingi duniani, mgeni anafika mwisho, anakuta mtaa wa biashara umekwisha kujengwa. Chukua mfano wa Gangnam, mtaa wa fahari wa mji wa Seoul, Korea Kusini. Hadi miaka ya 1960 huko kulikuwa mashamba. Uliingizwa ndani ya mipaka ya Seoul mwaka 1963, ukawa wilaya yenye jina lake mwaka 1975. Wakorea wenyewe ndio walioujenga. Mgeni alikuja baadaye kula, kununua na kushangaa. Lubumbashi ilianza kinyume. Wageni ndio waliopima viwanja, wakachora barabara, wakafungua maduka, halafu wakapanga saa ambayo mwenye nchi anaruhusiwa kupita mbele ya maduka hayo.

Mji uliofika kwa treni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka minne baadaye, mwaka 1910, reli kutoka Rhodesia ilifika mahali ambapo Emile Wangermée, mkuu wa Wabelgiji katika Katanga, alikuwa ameamua pajengwe mji. Ulipewa jina la Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, karibu na mto Lubumbashi.

Kwa kuwa reli ilitoka kusini, mji nao ulielekea kusini. Katika miaka ya kwanza, Kiingereza kilisikika sana barabarani na pauni ya Waingereza ilitumika madukani. Wafanyakazi wengi wa migodi waliandikwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wabelgiji waliogopa kwamba koloni yao ingegeuka ya Waingereza bila vita. Ndiyo maana baadaye walianza kutafuta wafanyakazi Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikapata nafasi ya kuwa lugha ya kambi na ya mji. Kiswahili tunachosema L'shi leo kimetoka, kwa sehemu kubwa, katika hofu hiyo ya Wabelgiji.

Wabelgiji hawakuwa peke yao. Wagiriki walikuja, wakafanya biashara ya samaki wa ziwa Mweru kupitia Kasenga, wakafungua maduka na maduka ya mikate. Waitalia walijenga reli, nyumba na barabara. Mwaka 1922 Malta Forrest, mtu wa New Zealand, alianzisha kampuni ya usafirishaji na ujenzi ambayo jina lake linajulikana hadi leo na kila mtu wa Katanga. Wahindi nao walijenga biashara zao.

Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes wanastahili maneno yao wenyewe. Walikuja vijana kwa vijana, mjomba akimwita mpwa, wakauza nguo, vyombo na unga. Sinagogi yao bado imesimama mjini, na Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937, alikuwa rabi wao kwa zaidi ya miaka 50. Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, watu zaidi ya 1.600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa karibu 150 tu. Kwa hiyo duka dogo la Élisabethville, ambalo mpitanjia aliliona kuwa duka kama mengine, lilikuwa limeokoa uhai wa jamaa nzima. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi aliyekuwa liwali wa Katanga kutoka 2007 hadi 2015, alikuwa mmoja wa Wayahudi hao wa Rhodes. Yeye alifanya biashara ya samaki Kashobwe, na mwanawe alizaliwa huko mwaka 1964.

Ng'ambo ya eneo tupu

Mzungu aliyetembelea mji katika miaka ya 1920 au 1930 aliona mji safi, wenye hoteli, posta, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo na nyumba zenye veranda pana. Alichoona kilikuwa kweli. Lakini kilikuwa nusu ya mji.

Mwaka 1921 wakubwa wa koloni walihamisha makao ya Waafrika kutoka karibu na katikati ya mji na kuyapeleka kusini, katika mtaa ulioitwa Albert. Leo ni komini ya Kamalondo. Kati ya weupe na weusi waliacha eneo tupu la mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria asiruke kutoka nyumba ya Mwafrika hadi ya Mzungu. Mji ulipokua, mitaa mingine ilifuata: Kenya, kisha Katuba na Ruashi katika miaka ya 1950. Mtu mweusi aliingia katikati ya mji kufanya kazi, na usiku ulipoingia alitakiwa kuwa amerudi kwake, isipokuwa awe na karatasi ya ruhusa.

Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ameshughulikia jambo hilo katika kazi yake ya mwaka 2013. Ameweka picha za mji zilizopigwa kutoka angani kando ya picha za wadudu. Alianzia katika picha ya zamani inayokumbusha wakati ambao wafanyakazi walitakiwa kuleta nzi waliowaua ndipo wapewe posho yao ya chakula. Mgeni anayekunywa kahawa katikati ya mji leo hawezi kuona mpaka huo. Lakini mtu wa Kamalondo anaujua mahali ulipopita, maana babu yake aliuvuka kila asubuhi.

Kulikuwa na watu waliouvuka mpaka na kuona pande zote mbili: boyi wa nyumbani. Walipika, walifua, walilea watoto wa Wazungu, walisikia mazungumzo ya mezani. Mwaka 1965 chama cha boyi wa zamani kilitoa kijitabu kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili cha huku kwetu. Kinaeleza namna Wazungu walivyofika, kampuni walizoleta, mishahara, na maisha ya boyi na bwana wake. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Vitabu vya wageni juu ya Congo vinajaza rafu nyingi. Hiki ni kimoja cha vichache ambamo macho yamegeuzwa: mwenyeji anamtazama mgeni, na hakosi la kusema.

Mji huo wenye maua ulijua pia damu. Disemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi hapa Élisabethville. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwaka 1961 Conor Cruise O'Brien, Mwairishi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa, alifika mjini kushughulikia mambo hayo, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake To Katanga and Back. Katikati ya mji palikuwa mahali pa vita, si pa kununua vitu.

Duka linabadilisha mwenyewe

Mji ulichukua jina la Lubumbashi mwaka 1966. Union Minière ilichukuliwa na serikali wakati huohuo, na kampuni iliyotokana nayo ndiyo tunayoiita Gécamines. Kisha ikaja tarehe ambayo wazee wa L'shi hawaisahau: 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa.

Mgiriki aliyelala na duka aliamka bila duka. Aliyepewa, mara nyingi mtu wa siasa au jamaa yake, hakujua kuagiza bidhaa wala hakuwa na deni la kulipa. Wengi waliuza kilichokuwa rafuni na kufunga. Mwaka 1976 serikali iligeuka na kuwaita wenye mali warudi, lakini wengi walikuwa wamekwisha jenga maisha Ubelgiji, Afrika Kusini au kwingineko. Oktoba 1991 uporaji ulioanza na askari ulifika Lubumbashi, na wageni wengi waliobaki waliondolewa kwa ulinzi wa askari wa Ubelgiji na Ufaransa. Gécamines nayo ilikuwa inaanguka. Katika miaka hiyo, mtu aliyepita katikati ya mji aliona madirisha ya maduka yenye rangi iliyobanduka na majina ya Kigiriki juu ya milango iliyofungwa.

Tunapaswa kusema mambo mawili kwa pamoja. Haikuwa haki mji kuwa na maduka yote mikononi mwa wageni baada ya miaka mingi ya kumkataza mwenyeji kuyakaribia. Na haikuwa dawa kumpa duka mtu kwa sababu tu anajuana na wakubwa.

Golf, lori na benki

Wimbi jipya lilianza na sheria ya migodi ya mwaka 2002. Kampuni za Australia, Canada, Afrika Kusini, Uswisi na hasa China zilikuja. Wachina wadogo walifungua viwanda vya kuyeyusha shaba pembeni ya mji na barabara ya Likasi. Mwaka 2008 serikali ilitia sahihi mkataba mkubwa na makampuni ya China, madini kwa barabara na majengo. Mwisho wa mwaka huohuo bei ya shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8.000 kwa tani hadi karibu dola 3.000. Wenye viwanda wengi waliondoka, wengine bila kuwaaga wafanyakazi wao. Bei ilipopanda, wageni walirudi. Walushi walijifunza kwamba kuna mgeni anayetazama mji, na kuna mgeni anayetazama bei ya London tu.

Wimbi hilo ndilo lililofanya Golf kuwa Golf. Karitie hii ilipata jina kutoka kwa uwanja wa gofu ulio karibu na ziwa na hoteli ya Karavia. Leo kuna nyumba za kuta ndefu, mageti ya chuma, walinzi, jenereta na visima vya binafsi. Mgeni anayehamia hapo anakuta mengi aliyoyazoea: maduka makubwa yenye jibini na divai, mkahawa wenye intaneti, shule ya watoto. Anaweza kukaa mwaka mzima akienda mgodini, ofisini na Golf, akarudi kwao akisema ameishi Lubumbashi.

Lakini ukuta una watu wa pande zote mbili. Kwa kijana wa Katuba, Golf ni mahali pa kazi: ulinzi, upishi, udereva, ujenzi. Kwa Mkongomani aliyefanikiwa, Golf ni alama kwamba amefika. Wengi wenye nyumba huko leo ni Wakongomani, na tofauti kati ya Golf na Kenya si tena rangi ya ngozi peke yake. Ni pesa. Jambo hilo ni hatua mbele kuliko 1921, ila kwa mtu anayetembea kwa miguu kuta ni ndefu vilevile.

Wageni wanaosema lugha yetu

Katika miaka hii ya karibuni wamefika wageni wa namna nyingine, na pengine hao ndio wanaotufundisha zaidi juu yetu wenyewe. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Benki ya Equity ya Kenya ilikuwa imekwisha nunua BCDC, benki ya tangu 1909. Disemba 2022 KCB, nayo ya Kenya, ilichukua sehemu kubwa ya TMB, benki iliyozaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2004. Mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ilifungua milango yake nchini, ikianzia Lubumbashi. Madereva Watanzania wako hapa tangu zamani, maana bidhaa nyingi zinapita bandari ya Dar es Salaam na shaba nyingi inarudi njia hiyohiyo.

Wageni hawa wanafika wakiamini kwamba hawatahitaji mkalimani. Siku ya kwanza wanasikia mtu akisema «bibi yangu» na wanafikiri anazungumzia nyanya yake, kumbe ni mke wake. Wanaagiza ugali wanaletewa bukari. Wanatafuta kisamvu wanaonyeshwa sombe. Wanasikia makuta, jina la sarafu ya zamani ya Zaïre ambalo kwetu limebaki kuwa jina la pesa yoyote. Wengine wanacheka na kusema Kiswahili chetu kimevunjika.

Hapa msomaji wa Lubumbashi, kama yule wa Goma, Bukavu au Kalemie, ana haki ya kujibu. Kiswahili chetu kilijengwa na Waluba, Wabemba, Wasonge, Walunda na wengine wengi waliokutanishwa na kambi ya kazi, na kimebeba maneno ya Kifaransa kama kile cha pwani kilivyobeba ya Kiarabu. André Yav hakungoja ruhusa ya mtu wa Unguja ili aandike historia ya mji wake. Mgeni Mswahili akikaa miezi mitatu, yeye mwenyewe anaanza kusema «aksanti».

Nani anauza nini

Baada ya kusikia sifa na malalamiko, swali la mkate linabaki. Sheria ya 8 Agosti 1990 inasema biashara ndogo ni ya raia peke yao. Lakini tembea katikati ya mji, uone ni nani anauza sabuni moja moja, batri na simu. Mara nyingi mwenye jina kwenye karatasi ni Mkongomani, na mwenye pesa ni mwingine. Kuazima jina imekuwa kazi. Anayeazima anapata kiasi kidogo kila mwezi, na mama anayeuza barabarani anapoteza wateja kwa mtu anayeleta kontena nzima.

Sheria nyingine, ya 8 Februari 2017, inataka kazi ndogo zinazotolewa na makampuni makubwa, kama usafirishaji, chakula na ulinzi, zipewe makampuni ambayo sehemu kubwa ya mali ni ya Wakongomani. Ni sheria nzuri. Ugonjwa wake ni uleule: jina la kuazima. Na fundisho la 1973 liko wazi: kumwondoa mgeni hakutoshi, kama mwenyeji hapati mkopo wa benki, umeme, na uhakika kwamba kodi moja hailipwi kwa maofisa watatu tofauti.

Ndiyo maana maoni ya mgeni yana faida kwetu, lakini si kwa sababu ya sifa. Anapolalamika juu ya umeme, analalamika akiwa na jenereta. Fundi wa kushona nguo wa Kenya hana. Anaposema nyumba ni ghali, kampuni inamlipia. Mwalimu wa shule analipa kwa mshahara wake. Malalamiko yake ni yetu, ila yetu hayana mtu wa kuyalipia.

Kwa mgeni aliyefika mwezi huu, kuna safari fupi ambayo haihitaji gari. Siku TP Mazembe inapocheza nyumbani, atoke katikati ya mji aende Kamalondo, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2011. Atapita, bila kujua, juu ya lile eneo tupu lililoachwa kwa ajili ya mbu. Njiani atakuta Wagiriki waliozaliwa hapa, Wahindi wa duka, Wachina wawili watatu wenye kofia nyeusi na nyeupe, na vijana wa Katuba waliokuja kwa miguu. Goli likiingia, wote watapiga kelele moja. Baada ya mechi kila mmoja atarudi upande wake, na kazi ya kufanya pande hizo zifanane bado iko mbele yetu.